Seti ya kwilingi ya rangi 36, iliyopimwa kwa nakshi za mlango wa Mji Mkongwe

Kwilingi ni kazi ya kusokota tepe nyembamba za karatasi, kuzibana ziwe maumbo, kisha kuzisimamisha kwa ubavu na kuzibandika mpaka zitoe picha. Zamani tepe zilisokotwa kwa unyoya wa ndege, na jina la Kiingereza lilitoka huko. Uingereza ya karne ya 18 ilijaa visanduku vya majani ya chai vilivyopambwa kwa karatasi iliyosokotwa, na makingo ya karatasi yalipakwa rangi ya dhahabu ili yafanane na nakshi za nyuzi za dhahabu na fedha. Tangu mwanzo, basi, kazi hii imekuwa ya kuchukua sanaa iliyofanywa kwa kitu kigumu na cha gharama na kuihamishia kwenye karatasi. Anayerudi safari na picha za milango ya Zanzibar au ya Lamu kwenye simu yake ana kila sababu ya kuijaribu.

Kinachouzwa kwa wingi mtandaoni kwa anayeanza ni seti ya rangi 36, na ndiyo inayopimwa hapa. Ndani yake mna tepe 720 za upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 39, yaani tepe 20 kwa kila rangi. Kuna kijiti cha kusokotea chenye mwanya kwenye ncha, sindano ya kusokotea isiyo na mwanya, ubao wa plastiki wenye matundu ya duara ya vipimo mbalimbali, kibano, kichana cha chuma, pini, kipande cha foamu cha kuchomekea pini, na chupa ndogo ya gundi yenye mdomo wa sindano. Seti za aina hii hutoka viwanda vingi na majina hubadilika kila mwezi, lakini vilivyomo ni vilevile. Tuliipa kazi moja ngumu ya kutosha kuonyesha ubora na udhaifu wake: ukanda wa sentimita 30 kwa 12, wenye maua matano ya duara, mnyororo pembeni na mawimbi chini, kama unavyochongwa kwenye miimo na kizingiti cha juu cha mlango wa Mji Mkongwe.

Hukumu yetu ni kwamba vifaa vya seti hii vinastahili kununuliwa, lakini karatasi zake, ambazo ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ndizo zinazokwamisha kazi.

Hesabu ya ua moja inaonyesha kwa nini. Ua la duara la mlangoni hukubali vizuri petali nane za umbo la jicho, zenye ncha mbili, zikizunguka kitovu kilichosokotwa kwa kubana. Petali moja inahitaji sentimita 27 za utepe, usokotwe, ulegezwe kwenye tundu la milimita 15 la ubao, ndipo ubanwe. Ikibanwa, petali hufika karibu sentimita 2 kwa urefu na milimita 9 au 10 kwa upana. Nane zikizunguka kitovu cha milimita 7 hukaa bila kusukumana, na ua zima huwa na kipenyo cha karibu sentimita 4.7. Maua matano yataka petali 40. Utepe wa sentimita 39 hutoa petali moja tu na kubakiza kipande cha sentimita 12. Kwa hiyo tepe 20 za kahawia zinaisha ukiwa na maua mawili na nusu, na mbele yako zimebaki rangi 35 usizozihitaji. Mlango wa kuchongwa una rangi moja ya mbao na vivuli vyake. Uzuri wake unatokana na mwanga kugonga ukingo na giza kukaa kwenye shimo, na kwilingi inafanya hivyohivyo kwa sababu utepe umesimama na unatupa kivuli. Ukiweka petali za kijani, waridi na bluu, macho yanafuata rangi na kivuli kinapotea.

Kwa kazi ya aina hii nunua seti kwa ajili ya vifaa, kisha nenda steshenari ununue karatasi ya rangi ya A4, ya kahawia au ya rangi ya mchanga, yenye uzito wa gramu 100 hadi 120. Karatasi moja ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata kwa urefu vipande vya milimita 5 unapata tepe 42 za sentimita 29.7. Petali zote 40 zinatoka kwenye karatasi hiyo moja, na mbili za ziada zinabaki kwa ajili ya zitakazoharibika. Ya fotokopi ya gramu 80 inasokoteka, ila ni laini: petali hulegea ukiigusa, na kitovu cha sentimita 27 kinatoka na milimita 6 badala ya 7. Manila ni nene mno kwa petali, ingawa ni nzuri kwa kutandika chini.

Kukata kwahitaji uangalifu kuliko kusokota. Tumia rula ya chuma na kisu cha karatasi chenye wembe mpya wa kuvunjwa vipande, na vunja ncha ya wembe mara unapoona ukingo wa utepe unatoa nyuzi. Tofauti ya nusu milimita katika upana haionekani utepe ukiwa umelala, lakini ukisimamishwa uso wa ua unakuwa na mabonde. Wenye mashine ya ofisini ya kuchana karatasi, ile inayotoa mistari mirefu na siyo vipande vidogo, mara nyingi watapata tepe za karibu milimita 6 zilizolingana. Hizo zinafaa kwa mazoezi na kwa kazi kubwa, mradi uzilaze chini ya kitabu kizito usiku mmoja kwa sababu hutoka zimejikunja.

Jambo moja la karatasi nene ambalo wauzaji hawalitaji: karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kupinda kwa urahisi ndio unaotakiwa ujipinde unaposokota. Ukikata tepe kinyume chake, karatasi nene inapasuka vijistari vyeupe kwenye mzunguko wa kwanza na kitovu kinakuwa na pembe.

Sasa vifaa. Kijiti chenye mwanya ndicho utakachokishika saa nyingi zaidi, na cha seti hii ni cha wastani. Ncha ni ya chuma na mpini ni wa plastiki wenye kiungo kinachozunguka, jambo zuri kwa vidole. Mwanya wenyewe ni mpana kidogo. Unaacha tundu katikati ya msokoto na kijimkunjo kidogo pale utepe ulipobanwa. Kwenye petali haidhuru, maana katikati ya petali inajaa mizunguko mingine. Kwenye kitovu cha ua kinaonekana, tena sana, kwa kuwa jicho la mtazamaji linatua hapohapo. Kitovu kisokotwe kwa ile sindano isiyo na mwanya: lowesha kidogo ncha ya utepe, ubane juu ya sindano kwa kidole gumba, na zungusha utepe, siyo sindano. Mara tano za kwanza utateleza. Baada ya hapo unapata kitovu cha duara kamili chenye tundu dogo kama la sindano.

Ncha ya kijiti ina miguu miwili myembamba, na mmoja ukipinda kijiti kimekwisha. Hupinda kwa sababu moja: mtu anauvuta msokoto moja kwa moja kutoka kwenye ncha. Zungusha kijiti robo mzunguko kinyume na ulivyosokota, msokoto utajiachia wenyewe. Ikiwa kimeshapinda, chukua sindano ya kushonea yenye tundu refu, kata kijipande cha mwisho cha tundu kwa koleo ili ibaki miguu miwili, ichomeke kwenye kizibo au kalamu iliyokwisha wino. Mwanya wa sindano hiyo ni mwembamba kuliko wa kijiti cha dukani, na tunaupenda zaidi.

Ubao wa matundu ndio unaoihalalisha seti nzima. Bila huo, petali ya kwanza inalegea milimita 15, ya pili 17, ya tatu 13, na ua linapinda upande. Weka msokoto ndani ya tundu, uachie ujifungue mpaka uguse kuta, hesabu mpaka kumi ili karatasi izoee umbo, kisha utoe kwa kibano ukiwa umeushika na kuweka tone dogo la gundi kwenye mkia. Wa seti hii una kasoro moja: kingo za matundu zina vinyweleo vya plastiki vinavyochubua karatasi. Pitisha msasa laini mara mbili tatu kila tundu kabla ya kuanza, kisha futa vumbi kwa kitambaa kikavu.

Hapa pana hesabu inayowachanganya wengi. Ukitaka msokoto wa kubana wenye kipenyo mara mbili, huhitaji utepe mara mbili, unahitaji mara nne. Sentimita 27 za karatasi ya gramu 120 zinatoa karibu milimita 7; kwa milimita 14 unaunganisha tepe nne. Unganisha mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine kwa kugusanisha ncha, usizipandishe juu ya nyingine, la sivyo kinatokea kinundu kinachoonekana mpaka mzunguko wa mwisho. Misokoto mikubwa ya namna hii ndiyo inayotoa njumu, zile za shaba zinazochomoza kwenye milango yenye asili ya Kihindi. Sokota kwa kubana, gundisha mkia, kisha sukuma katikati kwa ncha ya kalamu mpaka itokeze kama kuba. Paka gundi nyeupe kwa ndani mara moja na uiache ikauke usiku kucha. Ukisahau gundi ya ndani, kuba litarudi chini likiguswa.

Petali yenyewe ibanwe hivi: shika msokoto uliolegezwa kwa vidole viwili, pale penye kiungo cha gundi pawe ncha ya kwanza, kisha bana upande wa pili kwa wakati mmoja. Kiungo kikibaki ubavuni kitaonekana kama mshono. Ukibana ncha moja kwanza na ya pili baadaye, mizunguko ya ndani husogea upande na petali zinakuwa hazifanani. Zikitoka kama mnara badala ya kulala bapa, utepe ulikuwa unavutwa kwa mshazari wakati wa kusokota. Gonga msokoto mezani mara kwa mara kabla ya kuutoa kwenye kijiti.

Gundi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Iliyomo kwenye chupa ni nyepesi kama maji, inalowesha karatasi ya rangi mpaka rangi inahama, na inachukua muda mrefu kushika. Imwage, osha chupa, uihifadhi kwa ajili ya ule mdomo wa sindano, kisha ujaze gundi nyeupe ya seremala. Inapokuwa nzito mno kupita kwenye sindano, ongeza maji matone machache na utikise. Kiasi kinachotosha kufunga mkia wa petali ni kama ukubwa wa punje ya ulezi. Kikizidi, kinaacha doa linalong'aa lisilofutika. Mdomo huziba kila baada ya kazi, hivyo chomeka pini ndani yake unapomaliza, na usimamishe chupa kichwa chini juu ya sponji yenye unyevu unapopumzika. Gundi zile za kushika papo hapo zisiguse kazi hii, maana hugeuza karatasi kuwa ngumu na yenye weusi. Uji wa unga nao tunaukataa kabisa kwa mtu wa Pwani: mende watakula ua lako usiku.

Kibano kina ncha zilizopinda na zinakutana sawasawa, hakuna la kulalamikia. Pini ni fupi lakini zinatosha. Foamu ni nyembamba na pini zinatokea upande wa pili, kwa hiyo weka chini yake kipande cha boksi.

Kichana hakina kazi kwenye mlango, ila kinafaa kwa majani ya mtende: utepe unapitishwa kwenye meno kwa zamu, ukirudi katikati kila mara, mpaka utoke na matanzi yanayopanuka. Matanzi saba yanatosha jani moja.

Mnyororo wa pembeni ulitengenezwa kwa vile vipande vya sentimita 12 vilivyobaki. Pete moja ni utepe uliozungushwa mara tatu kwenye kalamu na kugundishwa, kisha linafuata jicho dogo, kisha pete tena. Waongozaji wa watalii husema mnyororo ni ulinzi wa nyumba, samaki ni riziki au uzazi. Ukitaka samaki, tone moja refu, yaani msokoto uliolegezwa na kubanwa ncha moja tu, ni kiwiliwili na hilali ndogo ni mkia, na magamba yapatikane kwa kujaza tone kubwa misokoto midogo ya milimita 4. Mawimbi ni tepe za sentimita 10 zilizosokotwa ncha mbili kwa kuelekea pande tofauti. Zipange mkia wa moja uingie kwenye tumbo la nyingine, na usigundishe hata moja mpaka safu nzima imekaa, kwa kuwa ukianza kubandika kutoka kushoto, kosa la milimita moja kila wimbi linakufikisha kulia ukiwa umepungukiwa na nafasi ya wimbi zima.

Kupanga ukanda wote ndiko kunakotofautisha kazi nzuri na ya haraka. Chapisha picha ya mlango kwa ukubwa halisi wa kazi, iweke juu ya foamu, funika kwa plastiki ngavu, kisha jenga ua juu ya plastiki hiyo uso ukiwa chini. Uso uliolala juu ya plastiki unakuwa bapa hata kama tepe zako hazikulingana kabisa, na gundi yote inaingia kwa nyuma. Anza na kitovu, weka petali ya juu na ya chini, kisha ya kulia na ya kushoto, ndipo zile nne za katikati. Anayezifuatisha kwa mzunguko hukuta petali ya nane haina pa kukaa, au imebaki nafasi ya nusu petali. Ua likikauka linang'oka kwenye plastiki bila kung'ang'ania. Ligeuze na ulibandike kwenye manila ya kahawia iliyokoza kuliko tepe. Hiyo manila ndiyo kina cha mchongo. Tulilinganisha na manila nyeupe, na ua lilelile likaonekana kama kitambaa cha meza.

Zile rangi 35 zilizobaki hazitupwi. Zina nyumba yake kwenye kanga. Korosho ya kwenye kanga ni tone la kwilingi ambalo ncha yake imepindwa kwa kidole, na pindo lenye korosho nyekundu na nyeusi juu ya karatasi nyeupe linapendeza kwa tepe hizohizo za seti. Kanga ni mchoro bapa unaoishi kwa rangi mbili au tatu zinazopingana, kwa hiyo upungufu wa tepe 20 kwa kila rangi hausumbui. Jina la kanga usilijaribu kwa misokoto. Herufi zisimamishwe kwa utepe mmoja unaofuata mwandiko, zenye urefu wa angalau sentimita 1.5, na kila kona ikunjwe kwa kibano kabla ya kuibandika. Aliyewahi kutengeneza shanga za karatasi za Uganda atakuta vidole vyake vinajua tayari nusu ya kazi, tofauti ikiwa kwamba shanga hukatwa pembetatu ndefu na hapa utepe ni sambamba.

Kuna seti ndogo ya rangi moja, yenye tepe 100 na kijiti pekee. Mwenye nia ya milango tu aichukue hiyo na anunue ubao wa matundu kando. Mzazi anayetafutia watoto kitu cha likizo achukue ile ya 36, ila aiondoe sindano ya kusokotea kwa walio chini ya miaka minane. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji upana wa tepe kwa milimita. Zipo seti za milimita 3 zinazofanana kabisa kwenye picha, na utepe wa milimita 3 hautoi kivuli kinachohitajika kwenye ua la ukubwa huu.

Kazi ikikamilika itiwe kwenye fremu yenye kina. Tepe ni milimita 5 na njumu zinafika hata 8, kwa hiyo kioo kiwe angalau milimita 12 mbele ya manila. Fremu ya picha ya kawaida inaponda petali. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu wa masika hulegeza misokoto ambayo haikugundishwa vizuri nyuma: pitisha gundi iliyoongezwa maji kwa brashi laini upande wa chini wa kila ua kabla ya kulibandika, weka pakiti mbili za vidonge vya kukausha unyevu, zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, nyuma ya manila, na ziba mgongo wa fremu kwa selotepu ya karatasi. Itundike ukuta usiopigwa na jua la asubuhi. Kahawia huvumilia, lakini nyekundu na zambarau za seti hii hupauka upesi mno.